Mheshimiwa Nandonde na Ardhi ya Bi Kijakazi

Leo, tarehe 30 Juni 2003, Mheshimiwa Klementi Nandonde, Hakimu wa Wilaya, anastaafu baada ya kuitumikia Mahakama kwa miaka ishirini na tisa, kumi na mitatu kati ya hiyo akiwa nasi hapa Kilwa Masoko. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Justa, karani wa masjala, kazi ya kuandika wasifu wake. Nadhani walitegemea niandike kama wanavyoandikwa wastaafu wote: mchapakazi, mwadilifu, mcheshi, mpenda watu. Mh! Wasifu wa namna hiyo nimeusoma mpaka nimechoka, na baadhi ya waliosifiwa humo ninawajua vizuri. Mimi mtu simwamini mpaka nimwone amebanwa. Mheshimiwa Nandonde nilimwona amebanwa, kwa hiyo nitaandika nilichokiona.

Alizaliwa Kitangari, Newala. Aliingia kazini mwaka 1974 akiwa karani kama mimi, akapanda kuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo huko Nachingwea, akaenda kusoma, akarudi na cheo. Alihamia kwetu mwaka 1990 pamoja na mkewe, Mwalimu Helena. Siku aliyoripoti nilimkaribisha chai, akainywa ya rangi bila sukari. Mtu mzima mwenye afya yake anayekunywa chai bila sukari kwa hiari, mimi humwangalia mara mbili. Nikamwangalia mara mbili, na tangu siku ile sikuacha.

Mambo ya kuchekesha hayakukosekana. Wapo wanaokumbuka mbuzi wa kielelezo katika kesi ya wizi, aliyezaa uani kwetu kabla kesi haijaisha. Mji mzima ukasema hakimu anakunywa maziwa ya kielelezo. Aliposikia hivyo, Mheshimiwa aliamuru maziwa yapelekwe kwa mlalamikaji leo na kwa mshtakiwa kesho, kwa zamu, mpaka siku ya hukumu. Wale wawili walianza kusalimiana kwa ajili ya yale maziwa, na mwisho kesi ikaondolewa kwa suluhu. Watu wakasema basi, kuna jambo. Kilwa hii hata amani hutafutiwa mchawi.

Lakini jambo ninalotaka kulieleza ni shauri la Bi Kijakazi binti Abdulatifu wa Kiranjeranje.

Bi Kijakazi alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mama yake na la mumewe, na nyuma ya makaburi mikorosho, mizee na yenye kuzaa. Miaka ile soko la korosho lilikuwa limeachiwa huru. Wanunuzi binafsi walikuwa wanashindana barabarani, na korosho iliyokuwa inaozea ghalani ikawa inapiganiwa. Akaja kijana mmoja kutoka Makonde, Alex Chilumba, na pikapu yake ya Toyota. Alikuwa mchangamfu, mwenye adabu, na shikamoo yake haikumpita mtu. Alimwendea bibi akaomba amuuzie shamba lake.

Walikubaliana kwa mdomo. Wazee wa pale waliitwa, akiwemo Mzee Maftaha, wakakaa mkekani, kahawa ikapita, na Bi Kijakazi akatamka mbele yao wote kwamba amemuuzia Alex shamba lake la mikorosho. Alex akasema amepokea. Dua ikaombwa, watu wakatawanyika. Hakuna aliyeandika chochote, maana kwa wazee wale kumwomba mtu aandike alichokisema ni kumwita mwongo.

Sasa msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Huku kwetu pwani mtu anaweza kuuza miti akabaki na ardhi. Mnunuzi anakuwa na mikorosho yake au minazi yake, anavuna, anarithisha wanawe, lakini udongo ulio chini una mwenyewe. Hajengi hapo, na mti ukifa hapandi mwingine mpaka apewe ruhusa. Watu wa bara, jambo hilo hawalijui. Kwao aliyechukua miti amechukua na kilichoishika.

Misimu miwili ilipita kwa salama. Msimu wa tatu Alex akataka kujenga ghala kando ya barabara, na mahali pazuri pa ghala palikuwa pale penye nyumba ya bibi. Akamwambia kwa upole ahame, kwa kuwa shamba alishaliuza. Alikuwa tayari kumsaidia kubeba vyombo, na hata kuyajengea yale makaburi ua mdogo. Bi Kijakazi alikataa. Alisema aliuza mikorosho, hakumuuza mama yake.

Mahakama ya Mwanzo, hakimu akiwa na wazee wa baraza, ilimpa bibi haki yake bila kusita. Alex akakata rufaa kwetu. Mheshimiwa Nandonde alisoma jalada, akawasikiliza, akaandika hukumu. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Alisema shamba ni neno la kawaida analolijua kila mtu, wala halihitaji kufafanuliwa. Kwamba ni ardhi pamoja na vilivyoota juu yake. Kwamba aliyeuza shamba ameuza vyote. Akampa ushindi Alex. Bibi akatakiwa aondoke kabla ya masika.

Hukumu fupi huwa zinanitia wasiwasi. Na kwa ile sikuwa peke yangu.

Maana siku ya kusikiliza rufaa, kabla ya kuingia ndani, Alex alimsalimia Mheshimiwa barazani kwa Kimakonde, Mheshimiwa akajibu kwa Kimakonde, na wote wawili wakacheka. Walicheka nini? Hakuna mtu wa Masoko aliyeelewa, na kicheko usichokielewa ndicho kinachoumiza. Mwezi ule ule nyumba ya Mheshimiwa ikaezekwa bati jipya. Mwalimu Helena alisema ni urithi wa baba yake, Mungu amrehemu. Sikubisha. Nilimpa pole ya msiba, na nikaenda kuuliza huo msiba ulikuwa lini. Sokoni walishamaliza kesi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mpaka wauza pweza walikuwa wakimwona hakimu anapita wanauliza hali ya bati.

Bi Kijakazi alikuja masjala siku tatu baada ya hukumu. Hakulia. Alikaa kwenye benchi, akafunga khanga yake vizuri, akaniuliza mtu akitoka hapa anakwenda wapi. Nikamwambia Mahakama Kuu. Akaniuliza kama huko nako kuna Wamakonde. Nikamjibu kwamba majaji wana makabila kama watu wengine, lakini aende. Akaenda.

Jaji wa Mahakama Kuu hakumpa ushindi bibi, na hakumpa Alex. Aliandika amri ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Alisema neno lililotamkwa mkekani Kiranjeranje haliwezi kupewa maana na mtu aliyekaa ofisini. Mahakama ikitafuta maana huuliza nani alisema, alimwambia nani, mahali gani, na waliokuwepo walielewa nini. Alichokificha mmoja moyoni mwake hakisaidii, awe muuzaji awe mnunuzi. Halafu huangalia wale wawili waliishije baada ya kukubaliana, maana mtu akishapatana hutenda kulingana na alivyoelewa, kabla ugomvi haujamfundisha cha kusema. Ushahidi wa mambo hayo haukuwa ndani ya jalada. Jaji akaagiza ukachukuliwe hapo hapo kijijini na upelekwe kwake. Akaagiza uchukuliwe na mahakama ile ile iliyotoa hukumu. Yaani Mheshimiwa Nandonde.

Loo! Mji ulichachamaa. Fisi ametumwa kuhesabu mbuzi! Jamaa za bibi walitaka apewe hakimu mwingine, lakini mwingine hakuwepo. Mimi nilipangiwa kwenda naye ili niwaapishe mashahidi, na ninasema wazi kwamba nilikwenda kumlinda bibi. Niliapa kwamba akiandika neno moja ambalo halikusemwa, jaji atalijua.

Mahakama haikuwa na gari. Alex alileta ile pikapu mpaka mlangoni, akasema njia ni moja na nafasi ipo. Mheshimiwa akamshukuru, akamwambia atangulie. Sisi tukadandia lori la chumvi, yeye amekaa juu ya gunia na koti lake jeusi, jalada amelikumbatia. Nilikaa gunia la pili nikimtazama. Nilijiambia kwamba huenda anajua ninamtazama, na ndiyo maana amekataa pikapu. Tulifika Kiranjeranje tumekauka midomo kwa chumvi na vumbi.

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika. Na hapo kukatokea kosa ambalo hakimu wa pwani asingelifanya kamwe. Kwa Bi Kijakazi kulikuwa kumepikwa ubwabwa wa nazi na samaki, kwa ajili ya wageni wote, Alex na jamaa zake wakiwemo. Mheshimiwa akakataa. Akakataa na kahawa ya Mzee Maftaha, akakataa na madafu aliyoleta Alex. Alidhani anajilinda. Watu wakaangaliana. Kwa wenyeji wetu mgeni akikataa chakula ama anakuogopa ama ameshakula kwa adui yako. Mama mmoja akasema kwa sauti, bila kujificha, kwamba asiyekula kwetu tumuulize ameshibia kwa nani. Watu wakaguna. Na mimi, kwa sababu ni karani wake, ilibidi nikatae pia, na njaa niliyokuwa nayo Mungu ndiye shahidi. Harufu ya ule ubwabwa ilinitesa kuliko safari.

Mashahidi walitoa ushahidi kwa hasira. Mzee Maftaha alieleza biashara ya miti inavyokwenda, kuanzia babu zake. Wazee wengine wakasema vile vile. Alex naye alikuwa na mashahidi wake, vijana wa kazi, wakasema kwao shamba ni shamba. Mheshimiwa aliandika yote kwa mkono, taratibu, akimsomea kila mmoja alichokisema na kumuuliza kama ndicho. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikisoma juu ya bega lake. Sikuona neno lililozidi wala lililopungua. Nikasema moyoni, haya, basi hila yake iko mbele.

Kisha akaomba waende wakatembee kwenye mikorosho, pande zote mbili pamoja. Alex alimwambia neno kwa Kimakonde njiani. Mheshimiwa alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, kwamba anayelitaka neno lake aliseme kwa lugha ya wote. Katikati ya mikorosho mizee akaona mkorosho mmoja mchanga, umepandwa vizuri, umewekewa na uzio wa miiba. Akauliza nani kaupanda.

Alex akasema ni yeye. Mti mmoja mzee uliangushwa na upepo mwaka wa kwanza, akapanda mwingine mahali pake. Mheshimiwa akamuuliza alipandaje. Na kijana wa watu, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri na alitaka kila mtu pale ajue hivyo, akaeleza kwa fahari. Alisema yeye si mhuni wa kujipandia tu. Alimwendea mama, yaani Bi Kijakazi, asubuhi, akamwamkia, akachuchumaa, akaomba nafasi ya kupanda mti mwingine. Mama akamruhusu, tena akamwonyesha na mahali. Ndipo akachimba shimo.

 Mzee Maftaha akamtazama Alex kwa huruma, wallahi, kama anavyotazamwa mtoto aliyejikata kwa kisu chake mwenyewe. Alex mwenyewe alichelewa kuelewa. Alipoelewa aliinama akashika ule uzio wa miiba.

Maana mwenye ardhi haombi ruhusa ya kupanda mti kwenye ardhi yake. Mwaka ule wa kwanza, kabla ya ghala kumwingia kichwani, Alex alijua alichonunua. Alikuwa ameishi pwani muda wa kutosha, akajua, akafuata desturi. Ghala lilipokuja ndipo alipokumbuka maana ya kwao.

Mheshimiwa aliandika jibu lile kama lilivyotamkwa, akamsomea Alex, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Alex angeweza kukana. Akasema ndivyo. Hilo nalo liandikwe katika sifa za kijana yule, maana aliyapoteza mengi kwa neno moja la kweli.

Tuliporudi Masoko mji uligeuka kama shuka. Wale waliosema hakimu kahongwa na Alex sasa walisema kahongwa na Waswahili wa Kiranjeranje, tena si kwa kitu cha kushikika, ni kisomo cha kumroga kimepigwa. Wengine wakasema hakula ubwabwa kwa sababu alijua una dawa, na bado ikampata kwa harufu. Nami, nisijifanye malaika, nilichungulia yale mabati kama yameongezeka. Hayakuongezeka.

Jalada lilikwenda Mtwara kwa jaji, tukangoja. Masika ikapita, bibi akiwa bado nyumbani kwake kwa amri ya muda, kila siku hajui kama ni ya mwisho. Aliacha kupanda mihogo. Alimwambia kila aliyemuuliza kwamba hapandi asichojua kama atakivuna.

Hukumu ya Mahakama Kuu ilipokuja, ilitumwa kwetu ili isomwe mbele ya wahusika. Desturi yetu, na nadhani ya mahakama nyingi, ni kusoma yale ya mwisho tu: nani kashinda, nani kashindwa, kwaherini. Mheshimiwa Nandonde aliisoma yote, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, sentensi kwa sentensi, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Alifika mahali jaji alipoandika kwamba Hakimu wa Wilaya alikosea, kwa kuwa alidhani neno analolielewa yeye linaeleweka hivyo hivyo kwa kila mtu, na hakumuuliza yeyote. Nilitegemea aparuke. Nilikuwa na nakala mkononi, nikafuata kwa kidole. Hakuparuka. Aliisoma sentensi ile polepole kuliko zote, kisha akaendelea: miti ni ya Alex Chilumba, ardhi na nyumba ni za Bi Kijakazi, asisumbuliwe.

Watu walipiga vigelegele, wakanyamazishwa. Alex alimwendea bibi akampa mkono, bibi akaupokea. Ghala lake baadaye alilijenga ng'ambo ya barabara, na mpaka leo anavuna mikorosho yake.

Lakini Bi Kijakazi hakutoka. Alisimama mbele ya meza ya hakimu, akashika ukingo wake, akauliza swali ambalo mji mzima ulikuwa umelitafuna miaka yote ile na hakuna aliyethubutu. Alimuuliza: siku ile ya kwanza, baba, kijana huyu alikupa nini?

Ningeweza kumwondoa, ndiyo kazi ya karani. Sikumwondoa. Nilitaka jibu kuliko mtu yeyote ukumbini.

Mheshimiwa akavua miwani. Akamwambia hakupewa kitu. Akamwambia siku ile alidhani anajua.

Bibi akaachia ukingo wa meza. Akamwambia, tena kwa upole, kwamba heri angekuwa amepewa. Aliyehongwa anajua kwamba amemnyang'anya mtu, na pengine usiku hukosa usingizi. "Wewe uliichukua ardhi ya mama yangu," akasema, "ukaenda zako kulala."

Mheshimiwa akajibu maneno mawili tu, kweli, mama. Bibi akajifunga khanga akaondoka. Hakimu akabaki amekaa kwenye kiti chake mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha.

Tangu hapo nimemchunguza kama nilivyomchunguza mwanzo, na zaidi. Hukumu zake zilirefuka, jambo lililonikera mimi ninayezichapa. Alianza kwenda Pande, Kivinje na Njinjo kusikiliza watu wanavyosema, kwa lori, kwa baiskeli, na mara moja kwa miguu. Shahidi akitamka neno ambalo sisi sote tunalijua, yeye humwomba alieleze, mpaka mawakili wanakunja nyuso. Mara nyingine amebatilishwa tena huko juu, kwa mambo mengine. Kwa lile hapana.

Mheshimiwa, watumishi wenzako wanakushukuru. Wanakutakia wewe na Mwalimu Helena pumziko jema huko Kitangari, afya, wajukuu wengi, na chai ambayo mtu atakutilia sukari kwa nguvu. Na mimi nina neno langu. Nina kiwanja Mtanda, na jirani yangu ameanza kusogeza ua wake kidogo kidogo akidhani sioni. Hiyo itakuwa kesi, na itapanda mpaka juu, maana namjua yule na ninajijua. Ningependa isikilizwe na hakimu aliyewahi kuambiwa alichoambiwa na Bi Kijakazi. Katika wote niliowatumikia namjua mmoja tu, na huyo ndiye tunayemuaga leo.